Kengele ya Wakwe

Wenzangu, leo nimeadhirika. Tena mbele ya wakwe, na dera jipya nimevaa.

Mnajua Rukia, binti wa kaka yangu, anaposwa. Mchumba wake ni Yann, Mfaransa wa Bretani (keshasilimu, msianze maswali). Mama yake kasafiri mpaka Sydney kuja kuposa, na mimi shangazi ndiye niliyepewa kazi ya kumkaribisha kwa niaba ya ukoo. Nikasema, huyu mama atajua kwamba watu wa Tanga hatukurupuki. Nitamsimulia historia ya mji wake mwenyewe!

Nikampigia Yann nikiwa kwenye treni, pale Seven Hills, watu wanaingia na kelele zao. "Mwanangu, kwenu panaitwaje?" Akanitajia. Nikasikia Plouvarnec. Basi kila nikienda kazini, nasoma kwenye simu. Mji mdogo, lakini mambo yake! Wanawake siku ya sikukuu walikuwa wanavaa kofia za lesi ndefu kama mnara. Mtakatifu wao alivuka bahari ndani ya boti ya jiwe (ya jiwe!). Na kanisani kuna kengele ya kale, sauti yake haina mfano. Nikakariri yote.

Leo mchana mgeni akafika kwa kaka, Rooty Hill. Mama Yann ni mwembamba, nywele nyeupe, katulia kama hakimu. Biriani likaliwa. Nikasimama, nikakohoa kidogo. Mimi nasema Kiingereza, Yann anamtafsiria mama yake Kifaransa.

Kofia za lesi: mama akatabasamu. Boti ya jiwe: akaitikia kwa kichwa (kumbe kule karibu kila mji una mtakatifu wa namna hiyo). Kichwa kikanivimba. Nikapandisha sauti.

"Na zaidi ya yote, mama, tunaijua kengele yenu! Fahari ya Plouvarnec!"

Yann akanitikisia kichwa.

"Tafsiri, mwanangu."

"Aunty... tuishie hapo."

"Tafsiri!"

Akatafsiri kwa sauti ya mgonjwa. Mama akaweka kijiko chini. Akasema maneno mengi, taratibu, bila kuniondolea macho.

"Anasema sisi ni wa Plouvarec," Yann akasema. "Plouvarnec ni majirani zetu. Na hiyo kengele ni yetu. Waliiba."

"Waliiba lini?" nikauliza (kana kwamba itasaidia).

"Zamani, hata babu yake hajazaliwa. Lakini mpaka leo hawasalimiani vizuri."

Rukia kajifunika uso kwa mtandio. "Aunty, please, kaa chini."

Nikakaa. Jasho linanitiririka mgongoni. Nikawaza, posa imekufa, na muuaji ni mimi.

Hapo hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Wifi yangu, mama yake Rukia, alikuwa anaosha masinia, hajasikia hata neno moja. Anatoka na keki huku anapiga vigelegele. Keki niliyoiagiza mimi! Juu yake, kwa krimu ya bluu, maandishi makubwa kama bango la barabarani: KARIBUNI WATU WA PLOUVARNEC.

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

Wifi akaitua mbele ya mgeni, kigelegele cha mwisho kikamfia mdomoni alipoona nyuso zetu. Mama Yann akasoma. Akasoma tena. Akachukua kisu. Kaka yangu akasogeza kiti chake nyuma (shujaa wetu huyo!). Mama akainama juu ya keki, akaikwangua ile N, hiyo moja tu, akalamba kisu. Kisha akatutazama wote.

"Voilà," akasema. "Plouvarec."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaja kunikumbatia, na palepale, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akamposa binti yetu rasmi. Nikakubali haraka haraka kabla sijakosea lingine.

Basi, ndoa ipo. Na yeyote atakayenicheka humu kwenye grupu, siku ya posa ya mwanawe asinitafute.