Kopo la Chini ya Barafu

Jumatano, 4 Juni

Shemeji, dada mkubwa wa marehemu mke wangu, amepiga simu. Jumamosi anakuja kula chakula cha jioni. Anasema Binti amekonda tangu mama yake afariki, na akikuta mambo ni yale yale atamchukua akaishi kwake. Amchukue! Mwanangu wa pekee! Nimemwambia karibu sana, hapa tunakula vizuri. Uongo mtupu. Tunakula mayai.

Mpango: sandwichi za nyama ya kusaga, zile alizokuwa akitupikia marehemu. Hazina gharama, zinashibisha, na zitamziba mtu mdomo.

Alhamisi, 5 Juni

Majaribio. Nyama kidogo, mkate mwingi wa kulowekwa ili iongezeke. Akili ni mali! Imetoka uji. Nikazidisha moto, uji ukaungua. Binti alimega kipande, akasema asante Baba, akanywa maji. Siku hizi ananishukuru kama mgeni. Zamani angenicheka mpaka ashike mbavu. Hilo limeniuma kuliko sufuria, ambayo nimeitupa.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Nilikuwa nakwangua barafu kwenye friza, natafuta njegere. Chini kabisa, kopo la aiskrimu. Ndani yake nyama ya kusaga, imeshapikwa, imeganda kama tofali. Masalio ya zamani, nani atayakumbuka? Nimenusa: vitunguu, bizari, pilipili manga. Kesho Shemeji atajua mimi ni nani.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepasha nyama, nimepaka mikate siagi, nimeikaanga ikawa ya kahawia. Shemeji aliuma mara moja tu akaacha kutafuna. Akasema huu ni mkono wa mdogo wake, akaanza kulia. Nami nikavimba kichwa. Nikasema nilikuwa nikimtazama marehemu jikoni, nikajifunza.

Binti aliirudisha sandwichi yake kwenye sahani. Aliinuka, akafungua friza, akasimama pale mpaka ubaridi ukatufikia mezani. Akaniuliza kopo liko wapi. Halafu akamwambia Mama Mkubwa kwamba nyama ile mama aliipika asubuhi ya siku aliyokwenda hospitali na hakurudi. Yeye Binti ndiye aliyeificha. Alikuwa akifungua kopo kidogo tu, ananusa, anafunga.

Nilitamani ardhi ipasuke. Binti akarudi kukaa, akala sandwichi yake polepole, akaokota makombo kwa kidole. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na mdomo umejaa.

Jumapili, 8 Juni

Binti ameondoka na Shemeji. Wamesema kwa muda tu. Amebeba na kopo tupu, hakukubali nilioshe. Nimekaa kitandani kwake asubuhi nzima, sijui mikono niiweke wapi. Nyumba hii ilikuwa na kelele.

Ila mfa maji haachi kutapatapa. Mchana nimenunua aiskrimu ya kopo kama lile, nimeila yote peke yangu ili kopo libaki tupu. Tumbo linanguruma. Kisha nimepika nyama upya, mkate kidogo tu umeingia. Iliyoungua nimeiweka chini, nzuri juu. Kopo sasa liko palepale, nimelifunika barafu vizuri.

Akirudi nitamwambia mama yake alipika makopo mawili. Hatagundua.