Pasimoni za Mama na Kadi ya Jikoni

Jumapili, 6 Oktoba

Ibada imeisha, hasira haijaisha. Jirani yangu, Verbena Tolliver, amesimama kwenye ngazi za kanisa huku kila mtu akimuuliza keki yake ya tini mwaka huu itakuwaje. Miaka tisa mfululizo ameshinda mashindano ya mapishi! Miaka tisa kadi ya mshindi yenye jina lake imekaa juu ya jiko la marehemu Bi. Cordelia Mabry, mwandishi wetu, ambaye nyumba yake watu hutoka mbali kama Memphis kuja kuitazama.

Na ile pudingi ya matunda ya pasimoni iliyomo kitabuni mwake, ile ambayo ndugu wawili wanapatana wakiila? Bi. Mabry aliila mezani kwa mama yangu. Nilikuwepo, nina miaka saba. Kitabuni akampa sifa mpishi wa kubuni! Mama alikufa akisema si kitu. Ni kitu. Jumamosi hii, kwenye mashindano ya sikukuu ya Bi. Mabry, jina la Mama, Eulalie Rainey, litaingia jikoni mle.

Jumanne, 8 Oktoba

Sharti la mashindano ni moja: tunda liwe limeota uani kwako. Mti wa pasimoni wa Mama uko uani kwangu, kando ya ua wa Verbena. Nimechuma ndoo nzima. Ya rangi ya chungwa, magumu, yanang'aa, hayana doa. Yaliyoanguka chini yamelainika na kukunjamana, aibu tupu. Mama alikuwa akiokota hayohayo. Ubahili tu, Mungu amrehemu. Nimeyarusha yote kwa Verbena kwa koleo.

Amechungulia, akauliza kwa upole kama nina hakika siyataki. Nimemwambia awape kuku. Hana kuku. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeonja moja. Kinywa kimekauka kama nimetafuna ndizi mbichi na maganda yake. Nusu saa nzima sikuweza kumeza mate.

Lakini sikuzaliwa jana. Kila mtu hapa Mississippi anajua pasimoni hunoga ikishapigwa na jalidi ya kwanza, na umande hapa haugandi kabla ya Novemba. Basi jalidi nitaileta mwenyewe! Nimetoa kambare wote kwenye friza, nimeingiza pasimoni. Kambare nimempelekea Dada Imogene wa maktaba, mwenyekiti wa mashindano. Si hongo. Ni kambare. Amewarudisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Imepikwa. Mdalasini, mtindi, siagi. Sukari vikombe viwili, kisha vitatu, kisha nikaacha kupima. Rangi imetoka safi. Sikuionja. Mpishi anayejiamini haonji.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mchungaji Loftin ndiye aliyeanza kuonja. Kijiko kimoja, midomo ikajikunja kama mfuko uliokazwa kamba. Alijaribu kusema neno la fadhili, ukatoka mluzi. Dada Imogene aliomba maji kwa ishara. Mzee Purvis alivua meno yake ya bandia akayafuta kwa leso, mbele za watu! Nikasema labda ni mdalasini.

Kisha akaja Verbena. Hakuleta keki ya tini. Alileta pudingi ya pasimoni! Nyeusi, laini, inatetemeka. Niliionja kwa ajili ya uchunguzi tu. Nikawa na miaka saba tena, mezani kwa Mama. Nilimaliza kipande, nikafuta macho, nikaongeza kingine. Hapo ndipo nilipokasirika. Nikamuuliza matunda ameyatoa wapi.

"Ndugu Delmas, si wewe uliyenirushia kwa koleo?" akasema. "Mama yako alinifundisha mwaka ule alipokuwa hajiwezi kitandani. Yaliyoanguka ndiyo yaliyoiva. Nilidhani unajua."

Ameshinda. Mwaka wa kumi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekwenda nyumbani kwa Bi. Mabry kuona ubaya wenyewe. Kadi ipo juu ya jiko. Imeandikwa: Pudingi ya Bi. Eulalie Rainey. Jina la Verbena halimo popote. Nimeisoma mara nne. Mama mmoja mgeni aliniuliza Eulalie ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Akanishika mkono.

Nilirudi garini. Mama amefika jikoni mle! Kisha nikakumbuka: yale matunda hayakuota uani kwa Verbena.

Jumatano, 16 Oktoba

Barua yangu ya kupinga ushindi wa Verbena, kurasa sita, imesomwa mbele ya kamati. Dada Imogene aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachokiomba.

"Delmas, ile kadi ni ya mama yako," akasema.

Nikamjibu kuwa sheria ni sheria. Verbena hakujitetea. Alimwomba tu Imogene aiondoe kadi taratibu, isichanike. Mahali pake wameweka kadi ya jamu ya zabibu mwitu ya Bwana Hatch, aliyekuwa wa pili. Kadi nimepewa mimi. Nimeitia kwenye droo, chini ya soksi.

Haki imetendeka! Mwakani jina la Mama litaingia jikoni mle, na safari hii hakuna wa kunizunguka. Pasimoni zilizoanguka leo, ndoo mbili zilizojaa, nimezifukia zote uani, Verbena asizipate. Nimebakiza mbichi tu.