Daktari wa Makabati

Siku ile Kola hakwenda kwa dobi kutafuta riziki. Alikwenda kuchukua suti yake ya kijivu. Lakini riziki haivutwi kwa kamba, na ile ya Kola ilimfuata yenyewe mpaka kwenye benchi la kusubiri, ikihema, imebeba mafurushi mawili ya nguo.

Alikuwa mama wa heshima zake, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kule juu, kwenye nyumba za mageti. Alibwaga mafurushi juu ya meza, akajipepea kwa kiganja.

"Kabati langu halifungi," alimwambia dobi. "Mume wangu amelifunga kwa mkanda wa suruali. Na bado Jumapili nilisimama mbele yake saa nzima, sina cha kuvaa."

"Pole, mama," alisema dobi, kwa sauti ya mtu ambaye angependa makabati yote duniani yasifunge.

"Na siku hizi ni aibu. Binti yangu amenirudishia gauni nililomnunulia. Eti dunia imejaa nguo, mito inachafuliwa na rangi za viwandani, mwenye akili anavaa alichonacho mpaka kichakae. Kwenye chama chetu hakuna habari nyingine. Sasa nianzie wapi? Nikizitupa, nimechafua. Nikibaki nazo, sipumui."

Pale benchini, Kola alikunja gazeti lake taratibu.

Mtaani walimwita Kola kwa sababu ya kola ya shati lake, ambayo ilisimama wima juani, mvuani, na mara mbili hivi kituoni polisi. Alikuwa amekula kwa kazi nyingi. Aliwahi kuuza viwanja ambavyo mnunuzi angehitaji mtumbwi kuvikagua. Aliwahi kuwa mjumbe wa kampuni isiyokuwa na ofisi, wala jina, wala mjumbe mwingine. Lakini hata mwizi ana kitu anachokiogopea wezi, na kwa Kola kitu hicho kilikuwa suti zake. Alikuwa nazo nane. Zilining'inia kwenye bomba chumbani kwake, kila moja na shuka lake la kuzuia vumbi, na yeye mwenyewe akilala chini kwenye godoro lisilokuwa na shuka.

"Mama," alisema, akisimama na kufunga kifungo cha koti, "mimi si mtu wa kudandia mazungumzo. Lakini kabati lako haliumwi unene. Linaumwa majuto."

Mwenyekiti aligeuka. "Wewe ni nani?"

Kola alitazama sakafu, kama mtu anayeonea haya sifa zake. "Wananiita Daktari wa Makabati."

Hakuna kiumbe aliyewahi kumwita hivyo. Wiki ilipokwisha, walikuwa wanamwita hivyo watu ishirini na wawili, wote wenye mageti.

Matibabu yake yalikuwa hivi. Aliingia chumbani na mwenye nyumba, akavua viatu mlangoni, akasimama mbele ya kabati kimya kama aliyefika matangani. Kisha alitoa nguo moja moja, akaiweka sikioni.

"Hii uliivaa lini mara ya mwisho?"

"Harusi ya mdogo wangu."

"Ana watoto wangapi sasa?"

"Wanne."

Kola alitikisa kichwa na kuiweka nguo kitandani. Aliwaeleza kwamba pamba inakunywa maji mengi kabla ya kuwa shati. Kwamba nguo ya bei rahisi, mshonaji wake amelipwa kwa bei rahisi zaidi. Kwamba kabla ya kununua mtu ajiulize mara tatu, na kilichochanika kishonwe. Akina mama walitikisa vichwa, wengine wakafuta machozi. Na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake: yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Uongo wa Kola ulikuwa mtamu kwa sababu ulikaangwa kwa mafuta ya ukweli. Kitu kimoja tu hakikuwa kweli, nacho ni safari ya zile nguo baada ya kutoka getini. Yeye alisema zinakwenda "kupumzishwa, kisha kugawiwa kwa dhamiri." Zilikwenda ng'ambo ya mto, kwenye duka la mtumba la rafiki yake, zikapigwa pasi na kubandikwa kikaratasi chenye hadithi: hii ilivaliwa na mwimbaji aliyeacha dunia, hii ilivaliwa na mke wa balozi.

Kilichomstaajabisha Kola mwenyewe ni kwamba akina mama wale wale walianza kuvuka mto kununua. Kuvaa nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu ilikuwa sasa ndiyo heshima. Mwenyekiti alirudi siku moja na blauzi ya zambarau, akazunguka mbele ya Kola mara mbili.

"Ina historia," alisema. "Ilikuwa ya mwimbaji. Ajabu ni kwamba inanikaa kama nilishonewa mimi."

"Nguo humtambua mwenyewe," alisema Kola. Blauzi ile aliitoa kwenye kabati la Mwenyekiti siku kumi na tisa kabla.

Angeishia hapo, leo angekuwa mtu mwingine. Lakini tamaa haina kituo. Mwenyekiti ndiye aliyemtajia Bibi wa Kona.

"Ile nyumba ndogo mwisho wa barabara. Bibi yule ana masanduku saba ya nguo. Hajatupa hata kipande tangu aolewe."

Kesho yake Kola aligonga. Alifungua bibi kama njiti ya kibiriti... la, tumpe heshima yake: alifungua bibi mdogo wa umbo, mkavu, mwenye macho ya mtu anayetunga sindano bila miwani. Gauni lake lilikuwa na viraka vingi vilivyoshonwa vizuri hata Kola, mtu wa nguo, akashindwa kujua gauni liliishia wapi na viraka vikaanzia wapi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesikiliza nguo?"

Alimwingiza ndani. Masanduku saba ya mbao yalikuwa yamepangwa ukutani kama wazee wa baraza. Bibi alifunua moja kidogo. Kola aliona ncha ya mahameli, ncha ya hariri, ncha ya sufu nzito ya zamani, kisha harufu ya dawa ya nondo ikamtoa machozi na kifuniko kikashuka.

"Miaka hamsini na mbili," alisema Bibi. "Nimechoka kuyalinda. Nitakupa yote. Ila mimi simwamini mganga asiyekunywa dawa yake. Wewe una suti ngapi?"

"Hii tu, bibi," alisema Kola, akijigusa kifua cha kijivu. "Mwenye mwili mmoja anavaa suti ngapi?"

"Maneno mazuri. Basi njoo hapa siku sita, na suti hiyo hiyo. Nami nitakuona."

Siku sita, suti moja. Mwenzangu na mimi tungeona ni jambo dogo. Kola, ambaye hakuwahi kurudia suti ndani ya wiki tangu ndevu zimtoke, alirudi nyumbani ameshika tama. Lakini alihesabu masanduku kichwani, akapiga moyo konde.

Siku ya kwanza Bibi alimpa sindano.

"Unahubiri watu washone. Hebu nione unavyotia kifungo."

Kola hakujua. Alijichoma mara nne. Mpaka jioni alikuwa ametia vifungo kumi na vinane, na vya mwisho vilikaa sawa. Siku ya pili ilikuwa ya mapindo. Siku ya tatu Bibi alimpelekea chai, kikombe kikainama, chai ikatua juu ya goti la kijivu.

"Uzee, mwanangu," alisema Bibi. Mkono wake ule ule, dakika moja baadaye, ulipitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu.

Kola alilifua goti bombani, akavaa suruali mbichi, akaendelea. Fungu la nguo mbele yake halikuisha. Kila asubuhi alikuta jingine: sketi zilizofumuka, mashati yaliyotoboka viwiko, makoti yaliyochanika bitana.

"Hizi ni za nani, bibi?"

"Za watu wangu," alisema Bibi, na Kola akafurahi kimoyomoyo. Nguo iliyoshonwa inauzika zaidi ya iliyochanika. Alikuwa anajipandishia bei mwenyewe.

Na jambo la aibu, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba siku ya tano alipoziba tundu la sweta hata tundu lenyewe lisionekane, aliishika sweta kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Siku ya sita Bibi alimkagua kuanzia kola mpaka viatu. Suti ilikuwa imelegea magotini na mgongoni imefanya ramani.

"Umefaulu," alisema. "Ila dobi ananiambia unazo nyingine saba."

Kwa mara ya kwanza maishani ulimi wa Kola ulikwenda kulia, ukarudi kushoto, usipate mlango.

"Zile... nimezihifadhi tu."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya dhamiri."

"Basi zilete. Suti moja kwa sanduku moja. Huwezi kunifundisha kutoa na wewe umefumba ngumi."

Kola alikwenda kuzishusha kutoka bombani mchana ule ule, kabla moyo haujamgeuka. Nyeusi ya mistari. Ya kahawia. Ya krimu, ambayo haikuwahi kukaa kwenye kiti cha mtu yeyote bila kutandikiwa leso. Alipofika kwenye ya buluu alisimama. Ile aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa halali, ambao pia ulikuwa wa mwisho. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Masanduku saba, alijiambia. Kwa masanduku saba nitanunua za buluu tatu.

Bibi alizipokea moja moja, akapima kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akaguna kwa kuridhika. Kola alipakia masanduku kwenye mkokoteni na kuvuka mto akipiga mluzi.

Mbele ya rafiki yake mwenye duka alifunua la kwanza kwa madaha. Alivuta mahameli. Ilikuwa na ukubwa wa leso. Alivuta hariri, ilikuwa pembe tatu. Alivuta sufu, ikatoka mkono wa koti usiokuwa na bega. Alichimba mpaka chini. Sanduku la pili lilikuwa kola tupu. La tano lilikuwa mifuko ya suruali, yapata mia tatu, imepangwa kwa ukubwa. Yalikuwa mabaki ya nguo, ya miaka hamsini na mbili, yamekunjwa kwa upendo, na kweli hakikutupwa hata kipande.

Mwenye duka aliokota mfuko mmoja, akaingiza mkono, ukatokea upande wa pili.

"Ukipata wateja wenye mifuko bila suruali," alisema, "niite."

Siku mbili Kola alizunguka na mkokoteni ule. Siku ya tatu alikwenda kwa Bibi na hotuba yake tayari kichwani, nayo ilianza na neno polisi, ingawa yeye mwenyewe alijua haingefika huko.

Alisukuma mlango, akakuta sebule imejaa akina mama wa chama. Wakapiga makofi.

"Daktari," alisema Mwenyekiti, "mbona hukutuambia? Sisi tunamletea Bibi nguo zetu azishone, kama ulivyotufundisha, tunamlipa, kumbe anayezishona ni wewe. Tena bila malipo, ili Bibi apumzike. Na suti zako saba umezitoa. Bibi ametueleza yote."

Mwenyekiti alikuwa amevaa kizibao kipya cha buluu. Kola aliijua ile buluu kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

"Kina historia," alisema Mwenyekiti, akizunguka mara mbili. "Nimekinunua asubuhi hii. Unakionaje?"

Akina mama wote walimtazama. Kola alinyoosha kola yake.

"Kimekukaa," alisema.

Walipoondoka, kila mmoja na furushi lake, Bibi alikuwa bado kwenye cherehani, anakanyaga.

"Kaa, mwanangu."

"Umeniibia, bibi."

"Nimekwambia uongo gani? Nitajie mmoja." Kola alitafuta. Alikuwa na uzoefu mkubwa wa uongo, lakini hakuupata. "Lile gauni la kijani ulilolitoa kwenye kabati la Mwenyekiti nililishona mimi, nilipokuwa na duka langu. Wiki mbili kulikata, wiki moja kulishona. Nililikuta ng'ambo ya mto lina kikaratasi, eti la mke wa balozi. Nikalinunua. Liko pale."

Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango.

"Kama ungekuwa unawadanganya, ningecheka na kulala," alisema Bibi. "Lakini ulikuwa unawaambia kweli. Nimeimba maneno hayo miaka hamsini, hakuna aliyenisikiliza. Umekuja wewe na kola yako, wakasikia. Ndiyo maana niliudhika." Alikata uzi kwa meno. "Mwenyekiti hajui kuhusu gauni. Wala kuhusu ile blauzi ya mwimbaji, ambayo pia nilimshonea mimi."

"Utamwambia?"

"Sijui. Nina kazi nyingi sana siku hizi hata nafasi ya kusema na watu sipati. Ikipungua mikono hapa ndani, kazi itasimama, na hapo labda nitaipata."

Kola alinyanyuka kuondoka. Alifika mlangoni. Mtu wa akili angetoka, akavuka mto, akahama mji, na alikuwa na nauli ya kutosha kufanya hivyo. Lakini juu ya meza karibu na mlango palikuwa na vipande vya suti yake nyeusi ya mistari, vinaanza kuwa koti dogo la mtoto, na bega la kushoto lilikuwa limeshonwa vibaya. Mistari haikukutana.

Alisimama akaitazama. Akatoka nje. Akarudi.

"Bibi, nani ameshona bega hili?"

"Mimi. Macho yamechoka."

"Mistari haikukutana. Huwezi kumvalisha mtoto wa watu kitu kama hiki."

"Basi kifumue," alisema Bibi, bila kuinua kichwa.

Kola alivua koti lake la kijivu, akalining'iniza nyuma ya mlango, akavuta kiti na kuanza kufumua.