Hotuba ya Kuzindua Lori la Umeme la Maparachichi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Mtendaji, Waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji mliofika na ninyi mnaoendelea kufika, Baba Paroko na Baba Mchungaji ambao leo mmekaa benchi moja kwa sababu viti vimepungua, Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, Mheshimiwa Bwana Shamba, Mama Mlezi wa Kwaya, Ndugu Katibu wangu, Ndugu Msaidizi wa Katibu wangu, wazee, akina mama, vijana, na kwa namna ya pekee kabisa mimi mwenyewe, Anold, Mratibu Mkuu wa Usafiri wa Kisasa Usiotoa Moshi kwa ukanda wote wa Njombe na Makambako, mzaliwa wa kijiji hiki hiki, ambaye nisipojitaja hapa hakuna atakayenitaja, nasema kamwene. (Watu: "Kamwene." Wengine wanapuliza viganja kwa sababu ya baridi.)

Itifaki imezingatiwa. Niseme ukweli, itifaki ndiyo kitu pekee katika ofisi yangu ambacho huzingatiwa kikamilifu, na kwa hilo naomba makofi. (Makofi ya kiasi.) Leo ni siku ya kihistoria, siku ambayo tunazindua rasmi lori la umeme litakalobeba maparachichi yetu kutoka mashambani mpaka Makambako bila moshi, bila kelele na bila dizeli, jambo ambalo wataalamu wa fizibiliti stadi wamelitazama kwa kina, wakatikisa vichwa, nasi tukachukulia kwamba ni kwa mshangao.

(Konsolata, mkulima wa maparachichi ambaye wengi humwita Mama Esnath, anasimama mstari wa mbele, kikapu mkononi: "Samahani, Mheshimiwa, kabla hujafika mbali. Wewe ndiye uliyetuambia tusiuze kwa lori la dizeli, tusubiri la umeme. Tumesubiri. Mnunuzi anafunga msimu leo, na lori lake la mwisho liko pale barabarani, Lukas ndiye dereva. Tuchume au tusichume?" Watu: "Ndiyo, tuchume au tusichume?")

Swali zuri sana. Na maswali mazuri yana mahali pake, ambapo ni mwishoni. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba parachichi likiwa mtini halilainiki, linatusubiri kwa uaminifu; bali ukishalikata na kikonyo chake, limeanza safari, na halijali kama gari limefika au halijafika. Kwa hiyo tusiwe na haraka. Na kwa desturi yetu nzuri ya hapa, mgeni rasmi anapozungumza hakuna anayenyanyuka mpaka amalize. Mimi sikuitunga desturi hiyo, naifaidi tu. (Mwenyekiti wa Kijiji: "Mama Esnath, kaa kwanza." Konsolata anakaa nusu ya benchi.)

Ndugu wananchi, lori lenyewe ndilo hilo mnaloliona kwenye bango hapa nyuma yangu. Tazameni matairi yake. Tazameni taa zake. Ndani lina chumba cha ubaridi, ingawa kuna mtaalamu mmoja aliyeniuliza kwa nini tunanunua ubaridi tuuletee Njombe, nami nikamwandika kama mpinga maendeleo, mpaka nilipofika nyumbani nikavaa makoti mawili ndipo nikamwelewa. Nilikwenda kwenye semina mjini, nikaliona gari la umeme kwa macho yangu haya. Lilikuwa limeegeshwa. Nikalisogelea, nikanyoosha mkono, mlinzi akaniambia nisiguse. Kutokana na uzoefu huo mpana ninaweza kuwahakikishia kwamba magari hayo ni imara sana na yanalindwa vizuri.

(Hezekia, fundi pikipiki, akiwa amekaa juu ya pikipiki ya mteja: "Mheshimiwa, masika likikwama kwenye utelezi, tukilisukuma halitupigi shoti?" Vicheko.)

Tafiti zinaendelea, Hezekia, na kwa moyo huo wa kujitolea nimeshakuteua uwe wa kwanza kusukuma. (Vicheko zaidi. Bibi Kristina, kutoka kwenye mkeka: "Na kama halingurumi, kuku wangu watajuaje kwamba linakuja?") Bibi, jamii ya kisasa inahitaji kuku wa kisasa. Kuku nao watapewa semina elekezi. (Bibi Kristina: "Posho watakula wao au wewe?" Watu wanapiga makofi kuliko walivyompigia Mheshimiwa.)

Nimelipokea. (Mzee Odilo, bila kusimama: "Umeme wenyewe jana ulikatika katikati ya taarifa ya habari.") Ahsante, Mzee Odilo, hapo ndipo nilipotaka tufike. Taarifa hiyo ilikuwa ya nini? Si ilikuwa ya bei ya mafuta? Umeme ulipokatika, uliisikia bei ikipanda? Hukuisikia. Ulilala kwa amani. Basi nishati ya umeme imeshaanza kukunufaisha hata kabla gari halijafika. (Mzee Odilo: "Niliisikia asubuhi dukani.")

Ndugu zangu, tuko katika ulimwengu mpya. Zamani mtu akitaka habari alikwenda kwa jirani. Siku hizi jirani mmekaa naye jiko moja mnaota moto, na bado anakutumia habari kwenye simu. Kila mtu ana maoni. Huyu anasema gari la umeme ni la matajiri, yule anasema betri zake zitajaza makorongo, mwingine anasema amemsikia mtu aliyemsikia mtu kwamba linavuta radi. Mimi nayaheshimu maoni yote, hasa yanayofanana na yangu. Mradi huu una grupu lake, admini ni mimi, na kila asubuhi naandika "Salamu wadau", nao wananijibu kwa picha ya kidole gumba. Hiyo ndiyo inayoitwa tathmini shirikishi, na matokeo yake ni mazuri mno.

(Lori linapiga honi barabarani. Konsolata anasimama tena: "Mheshimiwa, huyo ni Lukas anatuita. Mwanangu anaripoti kidato cha tano wiki ijayo. Godoro lake, sweta lake, viatu vyake, vyote bado vinaning'inia juu ya ile miti. Sema neno moja tu." Mwenyekiti wa Kijiji: "Mama Esnath." Konsolata: "Nimesimama tu, mwenyekiti, sijaondoka.")

Esnath nampongeza sana, na naomba tumpigie makofi. (Makofi ya kweli, ya muda mrefu.) Aende akasome sayansi, siku moja arudi atutengenezee betri inayovumilia baridi ya hapa, kwa maana hii ya simu yangu alfajiri hujizima yenyewe, nami huamka nikidhani nimestaafu. Sasa, kuhusu neno moja, Mama Esnath, ofisi yangu haina maneno ya namna hiyo. Jibu letu si ndiyo wala si hapana, ni mchakato. Nikikuambia chumeni, nitakuwa nimeuvunja moyo mradi. Nikikuambia msichume, nitakuwa nimewavunja moyo ninyi. Kiongozi makini hamvunji mtu moyo, anaongeza muda.

Nitoe takwimu. Hadi asubuhi ya leo, asilimia tisini na sita ya mradi imekamilika. (Makofi.) Hiyo ni upande wa uhamasishaji. Asilimia nne zilizobaki ndizo lori. (Makofi yanapungua taratibu.) Awamu ya kwanza ilikuwa kuzindua wazo, tukalizindua, mkala. Awamu hii ni kuzindua bango. Baada ya hapo tutafanya uzinduzi wa ripoti ya uzinduzi, na kufikia hapo hakuna atakayethubutu kusema kwamba hatukufanya kitu. Nimesifiwa sana kwa mpango huu, na ingawa sifa nyingi nilizitoa mwenyewe, nilizipokea kwa unyenyekevu.

(Honi tena, safari hii ndefu. Konsolata: "Ndiyo au hapana, Mheshimiwa. Kukata kikonyo kimoja kimoja kunataka muda.")

Kwa kuwa Mwenyekiti ananionyesha saa, na kwa kuwa harufu ya pilau imeshafika hapa jukwaani kabla ya lori, naomba nihitimishe kwa shukrani, maana mtu asiye na shukrani ni sawa na betri isiyo na chaji. Nawashukuru akina mama wa jikoni. Namshukuru mpwa wangu Timoth, ambaye alilitafuta lori letu kwenye mtandao, akalipata, akalifuta maandishi ya nchi za watu ubavuni, akaandika hapo NJOMBE MAKAMBAKO kwa rangi ya kijani, kazi ambayo bila yeye leo tusingekuwa na kitu cha kuzindua. Naishukuru kamati yangu, iliyokaa vikao mpaka viti vikalegea. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao bado hatujawapata, lakini ni adabu wakija wakute tumeshawashukuru. Na nisije nikaonekana nimemsahau mtu wa kawaida, namshukuru sana kijana wetu Lukas, ambaye leo alfajiri, kabla umande haujakauka, alipita shambani kwangu na lori lile la dizeli akapakia maparachichi yangu yote, kreti kwa kreti, bila hata moja kuchubuka, akanipa heshima kubwa ya kuwa mteja wake wa kwanza, kwa sababu nilimweleza wazi wazi kama mtu mzima na mtu mzima mwenzake: Lukas, chukua yote, hakuna lori lingine linalokuja.

(Mstari wa mbele wote unageuka kulitazama lori barabarani.)

Hapo niliposema hakuna lori lingine, nilikuwa na maana ya kitaalamu.

(Konsolata anajifunga khanga kiunoni, anatoa mkasi wa kuchumia kwenye kikapu. Mwenyekiti wa Kijiji: "Mama Esnath, mgeni rasmi hajamaliza." Konsolata: "Mwache amalize, mwenyekiti. Mimi nimeshajibiwa." Anamgeukia mzungumzaji, safari hii anamwita kwa jina la mwanawe: "Pole na hotuba, Baba Noela." Mstari wa mbele wote unasimama, kisha wa pili. Hezekia anawasha pikipiki, anawahi barabarani. Muda si mrefu sauti ya Lukas inasikika kwa mbali: "Chumeni, mama. Nafasi ipo, nasubiri." Injini ya lori inazimwa.)

Ndugu wananchi, mnausikia ukimya huo? Huo ndio mfano halisi wa lori la umeme. Naomba mnaoondoka mwondoke na taswira hiyo. Baba Paroko, hata wewe? Na Baba Mchungaji? Basi mkasaidiane ngazi, miti ya Mama Esnath ni mirefu. Mheshimiwa Bwana Shamba, nakuona unainama kupita nyuma ya maturubai; pita tu wima, maparachichi yangu yalipita alfajiri.

Naomba basi tumalize kwa kaulimbiu yetu. Usafiri safi! Nasema usafiri safi! (Bibi Kristina, aliyebaki kwa sababu goti linamuuma: "Uchumi safi, mwanangu. Sasa shuka, hapo juu kuna upepo.")

Ahsante, Bibi. Nimeyapokea maneno yako kwa niaba ya umati wote. Na wewe, Mwenyekiti, nakushukuru kwa kubaki mpaka tamati. Nishikie upande huo wa bango tulikunje polepole, picha isipate mikunjo, kwa maana kesho asubuhi tunalizindua kijiji cha jirani, na kule wao wanasubiri basi la umeme, kwa hiyo Timoth itabidi aliongezee madirisha.