Mkasi, Fikasi na Cheo cha Umeneja

Jumatatu, 2 Juni 2025. Iringa.
Mama Rozalia, mwenye gesti, kapanda basi la Mbeya asubuhi. Binti yake Eveline amejifungua, anakwenda kumwogesha mjukuu. Atarudi Jumatatu ijayo na kutangaza meneja. Wagombea wawili: mimi Andendekisye, mtunza stoo, na Veneranda wa mapokezi. Veneranda anategemea daftari lake safi. Mimi nitampa Mama kitu cha kuonekana. Ile fikasi yake, mti wa kwenye chungu pale mapokezi, imeota ovyo kama nywele za mtu aliyetoka kulazwa. Nitaikata iwe mwavuli. Umeneja umeiva.

Jumanne, 3 Juni
Nimeanza upande wa kulia. Veneranda akauliza kama Mama anajua. Nikamjibu kwamba kiongozi haombi ruhusa, analeta matokeo. Kulia kulipopendeza, kushoto kukaonekana kuzito. Nikapunguza kushoto. Kulia kukazidi. Nimekwenda na kurudi hivyo hadi saa sita mchana. Mwavuli umepatikana, ila ni wa mtoto wa chekechea.

Jumatano, 4 Juni
Kumbe mti huu una maziwa. Utomvu umedondokea vitambaa vya makochi, vile Mama alivyofuma kwa mkono wake. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Tosamaganga alikaa hapo, akainuka kitambaa kimemganda kwenye suruali, akaenda nacho hadi sokoni. Veneranda alicheka mpaka akashika meza. Nimeliweka moyoni. Nikiwa meneja atahamia kufua mashuka.

Alhamisi, 5 Juni
Majani yaliyobaki yamenyong'onyea. Ni wazi mti unataka jua. Nimeutoa nje, uani. Jua lilikuwepo, sitadanganya, lakini upepo wa Iringa wa mwezi huu nao ulikuwepo. Jioni nimezoa majani nusu ndoo. Veneranda anasema mti wa ndani urudishwe ndani. Wivu tu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekumbuka kwetu Rungwe. Mbuni wa kahawa ukichoka, baba huukata usawa wa goti, na kisiki huchipua kwa nguvu kuliko mwanzo. Akili ya kurithi hiyo! Nimepima goti langu, nimeleta msumeno. Dakika tatu, kazi imekwisha. Veneranda hakucheka safari hii, alichukua ufagio akazoa matawi. Ameshindwa hoja. Kweli, baba alikuwa akisubiri miezi. Lakini mibuni ya baba haikumwagiliwa maji ya uvuguvugu mara nne kwa siku.

Jumatatu, 9 Juni
Mama amerudi. Nikamwamkia kamwene, kwa Kihehe chao, nikampokea mfuko wa ndizi. Alisimama mbele ya kisiki bila kuweka mkoba chini. Akauliza taratibu ni nani. Nikasema ni mimi, na kwamba machipukizi yako njiani.

Akasema mti ule aliununua marehemu mumewe siku walipofungua gesti, ukiwa na urefu wa kalamu. Kila asubuhi huusalimia kabla hajasalimia mgeni yeyote. Sikujua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikapiga magoti kuomba radhi. Akaniinua, akaniita mwanawe, akasema amenisamehe, ila nisiguse tena chochote chenye uhai ndani ya nyumba hii. Kisha akamtangaza Veneranda.

Jumatano, 11 Juni
Nimetafakari kwa utulivu. Umeneja ni kazi ya kukaa kwenye kiti, ungenizeesha bure. Mama anajua mtu wa vitendo hafungiwi ofisini. Na kosa halikuwa la mkasi. Kosa ni la mti kutokuwa mbuni.

Meneja wetu mpya ameshanunua mti wa plastiki, ameusimamisha mapokezi ili kumfariji Mama. Amenikumbusha agizo neno kwa neno: nisiguse chochote chenye uhai. Nimemwambia nimelielewa vizuri sana, na kweli nimelielewa.

Mti wenyewe umeelemea upande mmoja, fundi wake hakuwa na jicho. Plastiki haitoi maziwa, haipukutishi majani, haiogopi upepo. Haina uhai hata kidogo. Veneranda amekwenda benki, foleni ya huko haiishi leo. Muda ninao wa kutosha.