Ilani ya Daraja la Dunnock

Lonnie Trask aliingia kaunti yetu ya Tolliver na suti moja, begi moja na ulimi wa kumuuzia kaa maji ya chumvi. Alikuwa amesimama tu kula mayai kwenye mkahawa wa kando ya barabara, kisha ashike njia. Lakini meza ya pili alikuwepo bwana mmoja mnene mwenye tai nyekundu, akimlalamikia mhudumu.

“Mabango ninayo. Kofia ninazo. Kalamu zenye jina langu zimejaa hadi mbwa anazitafuna. Sasa gazeti linaniuliza ilani yangu iko wapi. Ilani ya nini, dada? Si watu wananijua?”

Walimjua sana. Huyo ni Wendell Messick, muuza magari yaliyotumika, na nusu ya kaunti imewahi kusukuma gari alilowauzia. Alitaka kuwa mtendaji mkuu wa kaunti kwa sababu ya uzalendo mtupu: kaunti hununua magari. Na kwetu Tolliver, ukishinda mchujo wa chama umeshinda kila kitu. Uchaguzi wenyewe wa Novemba huwa ni kwenda kukupigia makofi.

Lonnie akaweka uma chini. Riziki hiyo imekuja yenyewe, tena imevaa tai.

“Mheshimiwa,” alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa, “ilani haiokotwi. Inapimwa na kushonwa kama suti. Na fundi ndiye huyu unayemtazama.”

Kabla kahawa haijapoa, Messick alikuwa ameshatoa nusu ya malipo. Kufika Jumanne, Lonnie alikuwa amempima mteja wa pili: Daktari Phyllis Hargis, mwanamama mng'oa meno asiye na mume, mpinzani pekee wa Messick. Huyu aligombea kwa sababu dada yake aliwahi kumwambia hataweza. Wote wawili walipewa onyo moja.

“Usimwonyeshe mtu ilani yako mpaka siku ya mdahalo. Mpinzani wako ana masikio kila mahali.”

Basi ikabaki shida moja ndogo. Fundi hakuwa na kitambaa. Alikuwa hajui kaunti hii inaumwa wapi, na hakukusudia kukaa mpaka ajue. Akaulizauliza, akaelekezwa huku kwetu Rasini, kijiji kilichozungukwa na maji pande tatu, kwenye duka la misumari na rangi, kwa Bi Verna Bozman. Bi Verna alikuwa muuza duka, mpishi mkuu wa karamu za wazimamoto, na pia kamishna wa viapo, mwenye mhuri wake chini ya kaunta. “Ukitaka kujua kero zetu, nenda kwake,” watu walimwambia, “lakini beba na kiti.”

Nilikuwa pale dukani kununua bawaba, ndiyo maana najua. Bi Verna alitoa jalada nene la barua, miaka tisa ya barua, zote kuhusu daraja la Dunnock.

“Harlan, mume wangu, aliposhikwa na mshtuko wa moyo, hospitali ilikuwa ng'ambo pale, unaiona kwa macho,” alisema. “Daraja limefungwa. Ambulensi ikazunguka maili ishirini na mbili. Akafia njiani, mkono wake ndani ya mkono wangu. Sitaki jirani yangu afe hivyo, basi. Sina ombi jingine duniani.”

Aliyasema hayo huku akipanga misumari, bila chozi. Mimi nikaziweka bawaba chini. Lonnie naye alishika kifua, lakini jicho lilikuwa kwenye karatasi.

“Bi Verna, maneno haya yanastahili kusikika. Nipe niyafikishe.”

“Yatasomwa kama yalivyo?”

“Neno kwa neno, mama yangu.”

Bi Verna alimtazama viatu, akapanda taratibu mpaka usoni. Kisha akachomoa barua moja jaladani, akaongeza mstari mmoja chini yake, akampa. “Basi sikutozi kitu. Ila kila utakayempa, aje aape hapa mbele yangu nimgongee mhuri. Ilani bila mhuri ni barua ya mapenzi, mwanangu.”

Lonnie nusura ambusu. Mhuri! Mteja akiona mhuri, haulizi tena. Usiku wa Jumatano alinakili ile barua mara mbili. Ya Messick alibadilisha jina tu: palipoandikwa ‘mume wangu Harlan’ akaweka ‘mke wangu Darlene’, jina la mke wa Messick, kwa sababu kifo huleta kura. Ya daktari hakuigusa hata kidogo. Uvivu nao una siku yake.

Messick alikuja Alhamisi. Akainua mkono, akaapa, akatia saini bila kusoma, kwani kwa maoni yake kusoma ni kazi ya walioajiriwa. Ijumaa akaja daktari. Alikuwa amesahau miwani, na aibu ikamzuia kusema. Bi Verna akagonga mhuri, pwa, na wa pili, pwa. Hakuuliza swali. Lonnie akadhani bibi wa watu haoni vizuri.

Mdahalo ulikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa wazimamoto, kaa wa mvuke na mahindi kwa wote. Lonnie alipokea nusu ya pili ya malipo yake kwa kila mgombea, mmoja mlango wa mbele, mwingine mlango wa nyuma. Kisha akachungulia jikoni.

“Bi Verna, njia fupi ya kutoka kaunti hii ni ipi?”

“Fupi? Ya kushoto, inapita Dunnock,” alijibu, akikoroga sufuria.

“Ubarikiwe, mama.” Akaenda zake. Msimlaumu. Barua aliinakili kwa mkono wake, lakini kwake daraja lilikuwa neno tu, kama ‘maendeleo’.

Messick akapanda jukwaani, akafungua bahasha.

“Ndugu zangu wa Tolliver,” alisoma, kidole kikifuata mstari, “mke wangu kipenzi, Darlene, alifia ndani ya ambulensi...”

Safu ya mbele, mwanamke mwenye kofia ya buluu aliacha kuvunja kaa wake. “Wendell! Nimekufa lini?”

“Kaa chini, Darlene, naongea.”

“Naulizia msiba wangu! Na kama nimekufa, leo jioni usitafute chakula!”

Ukumbi ukalipuka. Daktari Hargis, akiona mwenzake kateleza, akarukia kipaza sauti, miwani puani. “Mimi siwezi kuwadanganya hivyo! Sikilizeni. Mume wangu kipenzi, Harlan...”

“Hongera, daktari!” mtu alipaza sauti kutoka nyuma. “Umeolewa lini?”

Kicheko kikaanza, kikakatika. Sisi Rasini tunamjua Harlan ni nani. Bi Verna alikuwa ametoka jikoni, aproni kiunoni, mhuri mkononi.

“Malizieni,” alisema. “Mstari wa mwisho. Wote wawili.”

Wakasoma, sauti zikigongana: nisipolijenga daraja la Dunnock katika mwaka wangu wa kwanza, najiuzulu, na nimeapa. Mwandishi wa gazeti akapiga picha ya mihuri miwili. Sasa ashinde nani, ashindwe nani, daraja lilikuwa limeshashinda mchujo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Lonnie ilikuwa maili tatu. Aliendesha akipiga mluzi mpaka akakuta kizuizi, mbao zilizooza, na maji yakipita katikati. Ng'ambo hospitali inang'aa kwa jua. Akageuza gari. Na barabara ya kutoka Rasini ni moja tu, nayo inapita mlangoni pa ukumbi.

Tulikuwa tumejaa barabarani pale, nusu tukicheka. Mbele walisimama wagombea wawili wenye ilani mikononi, na askari wa kaunti. Lonnie akashuka taratibu, ulimi umemkauka kwa mara ya kwanza.

Bi Verna akawapita wote, sahani mkononi, kaa wawili na hindi, vimefunikwa.

“Nilikuwekea. Nilijua utarudi,” alisema. “Umeliona?”

“Nimeliona, Bi Verna.”

“Miaka tisa, mwanangu. Wamepita wagombea kumi na mmoja wakiongea habari zake.” Akampa sahani, na sasa sauti ilimtetemeka. “Wewe ndiye wa kwanza kwenda kuliangalia.”