Gia za Siri kwenye Baiskeli ya Mjomba

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mama Mkubwa Mwanaidi kapiga simu kutoka Madimba. Arobaini ya Mjomba Athumani, mdogo wake, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Siku hiyo baiskeli ya marehemu itapata mwenyewe. Iko hapa kwangu Rahaleo, Mtwara mjini, tangu alipokuja kulazwa. Kwa mila zetu mali ya mjomba ni ya wapwa, na wapwa tupo wawili: mimi na Hemedi, mtoto wa mama mdogo. Masharti ya Mama Mkubwa: niifikishe kwa kuiendesha, siyo kwa bajaji, na kisibadilishwe kitu. Nikishindwa, anachukua Hemedi.

Hemedi! Hata pancha hajui kuziba.

Jumatano, 7 Agosti

Nimefanya jaribio. Nimeishia Magomeni, hata mjini sijatoka, ulimi nje. Chuma kizito, gia hakuna. Mjomba alikuwa anabebea gunia la mihogo juu yake, na umri ule! Hemedi kanikuta nimekaa chini, kauliza nani anampeleka mwenzake hospitali, mimi au baiskeli. Pumzi ya kujibu ningeitoa wapi?

Wodini nilikwenda kumwona Mjomba mara moja tu. Naona aibu. Nikiipata baiskeli hii, labda watu watalisahau hilo.

Ijumaa, 9 Agosti

Mungu si Athumani. Astaghfirullah, na marehemu ndiye Athumani, nimeandika nini? Nina furaha, basi. Fundi Dickson, mtu wa Iringa wa kule bandarini, anayo habu ya mtumba: gia saba zote zimejificha ndani ya kitovu cha gurudumu. Nje huoni kitu! Kanionya kwamba mzee akikataza kitu ana sababu yake. Nimemwambia afunge gia, asinifungulie madrasa.

Jumapili, 11 Agosti

Imekaa. Rimu ni ileile, kava la mnyororo lilelile, kutu ileile. Swichi ya gia iko chini ya siti. Inakwenda kimya kabisa, raha tupu. Habu ya zamani nimempa mtu wa vyuma chakavu, aondoke na ushahidi.

Tatizo: hii mpya inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeipaka mafuta ya maganda ya korosho. Imekuwa nyeusi, imezeeka miaka arobaini kwa mpako mmoja. Mimi ni hatari.

Nimepaka kwa vidole.

Jumatano, 14 Agosti

Vidole vimeungua, vimevimba, vina malengelenge. Jirani yangu Hadija kacheka mpaka kakaa chini. Anasema hata mtoto wa Mtwara anayetambaa anajua mafuta yale yanababua. Ofisini nimeshindwa kusaini mahudhurio. Nimeandikwa sijafika, na nilikuwa nimesimama palepale.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimefika Madimba nikiendesha! Vilima vyote, mchanga wote. Hemedi alikuwa nyuma kwenye bajaji, macho yamemtoka. Kaizunguka baiskeli mara tatu, kainama, kachungulia. Hakuona kitu. Nilitaka kuruka.

Mama Mkubwa alikuwa barazani. Nimesimama mbele yake na baiskeli, nikasubiri. Akaendelea kutazama barabarani. Mwishowe akauliza mbona Yusufu anachelewa hivyo.

Yusufu ni mimi.

Kumbe haoni. Macho yote mawili, tangu mwaka jana. Kila mtu anajua. Msibani alikuwa ndani na wanawake, nami sikuingia kumpa mkono.

Akaipapasa baiskeli: hendeli, siti, kava. Akasema ni yenyewe. Kisha akaniomba niisukume kidogo. Nikaisukuma. Kimya. Akaniomba tena. Akasema ya mdogo wake ilikuwa inalia tiki-tiki-tiki, alikuwa akiisikia tangu kwenye mikorosho, anabandika chai. Ndiyo maana alitaka ifike ikiendeshwa. Alitaka kumsikia akija, mara moja tu.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alilia taratibu, kanga mdomoni, akasema nichukue tu baiskeli, hii siyo ya mdogo wake. Hemedi hakucheka. Hilo limeniuma zaidi ya vidole.

Nimeshinda. Nimerudi Rahaleo kwa gia ya saba, nikilia.

Jumapili, 18 Agosti

Sikulala. Asubuhi nimemtafuta yule mtu wa vyuma chakavu, maana mlio ule ulikuwa wa habu ya zamani. Mzigo umeshaondoka.

Nimekwenda kwa Dickson, nimemsimulia yote. Kasema nirudi Madimba nikamwombe Mama Mkubwa radhi, nikae naye siku mbili, ninywe hiyo chai. Maneno ya kanisani. Mimi nina akili kuliko hapo: Hadija ana baiskeli ya zamani inayolia vilevile. Nitaurekodi ule mlio kwenye simu, tufunge spika chini ya siti, Jumamosi nitokee kwenye mikorosho. Mama Mkubwa atafurahi!

Nimemsisitizia Dickson jambo moja tu. Spika iwe ndogo, nyeusi, isionekane kabisa.